Siku ya kufunga shule: mlisahau nini mkaja kukigundua likizoni? Tupeane uzoefu

Mama Nasra (mwanzisha uzi)

Wazazi wenzangu, salaam. Shule zinakaribia kufungwa na likizo ndefu ndiyo hiyo inagonga hodi. Naomba nianze kwa kujianika mwenyewe.

Mwaka jana siku ya kufunga, mwanangu wa darasa la pili alirudi, akatupa begi nyuma ya mlango, akakimbilia mpira. Mimi nilichotaka ni ripoti tu. Nikaisoma nimesimama: hesabu zimeshuka, imla imeshuka, na maoni ya mwalimu, "Ana uwezo, ila hamalizi kazi za ubaoni." Nikamkalisha chini, nikamsomea risala ya uvivu. Wiki tatu nzima, kila akigusa mpira, namkumbusha ile ripoti.

Wiki ya tatu begi likaanza kunuka. Nikalifungua nilifue. Chini kabisa, chini ya taulo lililokwisha kuota ukungu, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne, mwandiko wa mwalimu wake: "Mama, anakunja uso akisoma ubaoni na ananakili kwa jirani yake. Naomba apimwe macho kabla hajaingia darasa la tatu."

Tukaenda kupima. Haoni mbali. Kumbe kazi za ubaoni hazimalizi kwa sababu ubao wenyewe hauoni. Nilipomuuliza mbona hukusema, akasema alidhani kila mtu anaona vile.

Haya, na nyie mlisahau nini? Vitabu vya maktaba, dawa, fomu, sweta, chochote kile. Tupeane uzoefu kabla geti halijafungwa.

Baba Pacha

Pole dada. Langu ni la dawa.

Mmoja wa pacha wangu ana pumu. Mwanzo wa mwaka tulipeleka inhela yake ya dharura ofisini, wakaiandika jina na kuiweka kabatini. Siku ya kufunga nikabeba michoro, nikabeba na kinyago cha udongo ninachoambiwa ni tembo. Inhela haikunijia hata kichwani.

Wiki ya pili ya likizo, usiku wa manane, kifua kikabana. Nikachukua ile ya nyumbani: nikiibonyeza inatoa mvuke, nikiitikisa nasikia kitu ndani. Nampa, wapi! Nampa tena, hakuna nafuu. Tukakimbilia hospitali, na namshukuru Mungu tuliwahi. Muuguzi ndiye aliyenifundisha: dawa inaweza kwisha ile gesi inayoisukuma ikabaki, kwa hiyo unapuliza upepo mtupu ukidhani unatibu. Kuitikisa hakukwambii lolote. Kama ina kihesabio, soma kihesabio. Kama haina, hesabu mwenyewe dozi ulizotumia na uandike.

Asubuhi nikaenda shuleni kufuata ile nzima. Kufuli, na mlinzi hana ufunguo wa kabati.

Siku hizi siku ya mwisho naanzia ofisini, ndipo naenda darasani. Na nauliza kila kitu kilicho na jina la mtoto: inhela, sindano ya mzio kwa wenye mzio, miwani ya akiba, hata karatasi ya maelekezo ya daktari, maana ile hutakiwa upya mwaka mpya ukianza.

Shangazi Mpole

Mimi nilikwenda kwenye sanduku la vitu vilivyookotwa kutafuta sweta ya mtoto wa dada yangu. Nikatoka na sweta tatu. Hakuna hata moja yake. Nimeishia hapo.

Mwalimu wa Chaki

Niongee kwa upande wa walimu, mnisamehe nikirefusha.

Wiki ya mwisho ndiyo mwalimu huandika yale ambayo mwaka mzima hakupata nafasi ya kuyasema, na ndiyo wiki ambayo mzazi hasomi kitu. Karatasi ya safari ya darasa inarudi imesainiwa siku hiyo hiyo. Barua ya "naomba tuonane" naikuta chini ya dawati. Mama Nasra, nakuhakikishia mwalimu wako alikaa akiwaza kwa nini hukujibu.

Ripoti isomeni kinyumenyume. Anza na maoni, kisha linganisha na ripoti ya muhula uliopita, namba ziwe za mwisho. Mwalimu akiandika "hamalizi", hajaandika "mvivu". Kuna macho hapo, kuna masikio, kuna usingizi, kuna mtoto anayeonewa na aliyekaa nyuma yake. Niulize kabla sijaondoka. Muhula mpya ukianza nina watoto wengine kichwani na wa kwako nimemkabidhi mwenzangu.

La pili ni hili la watoto kusahau masomo. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake, Marekani, walikusanya tafiti 39 juu ya likizo ndefu ya kiangazi, wakakuta kwa wastani mtoto anarudi amerudi nyuma kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na hesabu ndizo zinazoumia zaidi kuliko kusoma. Watafiti waliofuata wamebishana sana juu ya ukubwa wa pengo hilo, wengine wakisema mitihani ya zamani ndiyo iliyolikuza. Mimi sina takwimu zangu, nina wiki ya kwanza ya kila mwaka, na jedwali la kuzidisha waliloliimba bila kukosea likiwa limeyeyuka. Wala haishangazi. Maneno mtoto anakutana nayo kila anapogeuka, kwenye mabango, kwenye simu, kwenye pakiti. Hakuna bango linalomuuliza saba mara nane ni ngapi.

Lakini tafadhali, likizo isigeuke tuisheni. Dakika kumi zinatosha: karata, dadu, apime chumba kwa hatua, agawe kitu sawasawa kwa watu watano bila ugomvi. Huo wa mwisho ni mgumu kuliko mtihani wangu.

Mama Watatu

Mwalimu nakubali, na natubu. Mwaka juzi nilinunua lile daftari nene la mazoezi ya likizo, kurasa karibu mia mbili, nikatangaza kurasa nne kila siku. Tulifika ukurasa wa kumi na moja. Kurasa tatu za mwisho zina alama za machozi, na mengine ni ya kwangu.

Kilichotusaidia sikukipanga. Mdogo alikuwa anadai hadithi kila usiku na mimi nimechoka, nikamtuma mkubwa amsomee. Akaanza kwa kununa, baadaye akawa anabadilisha sauti za wanyama. Mwisho wa likizo alikuwa anasoma bila kufuata mstari kwa kidole. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaacha wachague vitabu wenyewe, hata kile cha magari walichokirudia mara tisa hadi nikatamani kukificha.

Ila vitabu vya shule virudisheni mapema. Changu kilikaa chini ya kitanda mwaka mzima, na mtoto akanyimwa kuazima hadi tulipokipata.

Mhamaji

Kwa wanaohamisha watoto: msingoje likizo. Nilidhani nitafuata karatasi za uhamisho "wiki ijayo". Wiki ijayo ofisi imefungwa, karani yuko safarini, na shule mpya wanataka barua ya uhamisho, ripoti ya mwisho, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo. Kadi ya chanjo ilikuwa kwenye faili la shule ya zamani! Toeni nakala, kisha dai asili yako.

Na kama mmebadilisha laini ya simu, waambieni shule. Tarehe ya kufungua ilisogezwa, ujumbe ukaenda kwenye laini niliyoitupa. Tulifika getini na sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa, mimi na mwanangu na mbwa wa mlinzi.

Mama Watatu

😂 Na viatu vyenyewe vilimtosha? Vyangu kila mwaka vinagoma siku ya kufungua. Siku hizi wanavijaribu wiki mbili kabla.

Mjomba wa Ufukweni

Hili langu sipendi kulisimulia, ila naona hakuna aliyeligusa.

Likizo moja tulikwenda kuogelea, ukoo mzima, watu wazima kumi na wawili. Mtoto wa dada yangu, miaka saba, alikuwa anacheza kwenye maji ya kifuani. Tulikuwa tunapiga soga hatua chache tu kutoka pale. Hakupiga kelele, hakupunga mkono. Aliyemwona ni mtoto mwenzake, akauliza, "Mbona fulani anaangalia juu tu?" Tulimtoa akiwa anapumua, kwa rehema za Mungu.

Tulipokaa baadaye kila mmoja alisema lile lile: nilijua fulani anaangalia. Watu kumi na wawili, hakuna hata jicho moja. Na wote tulikuwa tunasubiri mtu anayekufa maji apige ukelele, wakati mdomo ukiwa usawa wa maji hakuna pumzi ya kuitia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 ni sababu ya tatu ya vifo. Ndiyo rika hili hili tunalolizungumzia hapa.

Sasa tuna kofia nyekundu. Aliyeivaa haongei na mtu, hashiki simu, macho majini. Dakika ishirini, anamvisha mwingine kwa mkono, na anayeivaa lazima aseme kwa sauti, "Ninayo." Wageni hutucheka. Waache wacheke.

Mama Nasra

Mjomba, nimesoma hili mara mbili. Kofia natafuta leo.

Zamu ya Usiku

Nafanya kazi usiku, kwa hiyo likizo ya wanangu inakuwa kama yangu: kulala alfajiri, kuamka mchana. Mwaka wa kwanza niliwarudisha kwenye ratiba kwa amri, usiku mmoja kabla ya kufungua. Saa nane za usiku walikuwa macho wanahesabu mende. Wiki nzima mwalimu ananipigia, mtoto kalala juu ya daftari.

Madaktari wa usingizi wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2016 wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Kwa hiyo naanza wiki mbili kabla, nasogeza robo saa, siku mbili, robo saa tena. Nikaona pia kwamba kuwaamsha mapema kunasaidia kuliko kuwalaza mapema, maana kulala huwezi kumlazimisha mtu.

Dada Kimya

Huwa nasoma tu, leo niandike. Binti yangu alikuwa na rafiki mmoja darasani, mmoja tu. Likizo nzima akawa anauliza tutaonana naye lini, nami sina namba ya wazazi wake wala sijui wanakaa wapi. Shule ilipofunguliwa yule rafiki alikuwa amehama. Hakuna aliyekosea. Ila siku hizi kabla ya kufunga naandika namba yangu kwenye vikaratasi viwili vitatu, binti yangu anagawa mwenyewe kwa anaowataka.

Mwalimu wa Chaki

Dada Kimya, hilo nalichukua, nitalitangaza darasani. Mama Nasra, yule mwalimu ulimjibu mwishowe?

Mama Nasra

Nilimwandikia siku ya kwanza ya muhula, nikampa mtoto apeleke, na safari hii nikakagua kama imefika 😄. Miwani anaivaa bila kusukumwa. Siku aliyoipata alisimama sebuleni akaangalia ukutani, akaniuliza, "Mama, kumbe saa yetu ina mshale wa tatu?" Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Baba Pacha

Nimeinuka kwenda kufungua mabegi, na bado wiki moja hawajafunga. Barua moja ya wiki iliyopita, penseli kumi na moja, sweta moja. Sweta si yetu.

Shangazi Mpole

Ina doa la wino kwenye mkono wa kulia?