Shefu amehamishwa, anataka faili za siri zipelekwe kwake nyumbani. Nikizitoa, nani atajibu?

Karani wa Kampemba:
Jambo wakubwa na wadogo. Mimi ni sekretari katika ofisi moja ya serikali hapa Lubumbashi, jina lake tuliache. Shefu amepata barua ya uhamisho, na remize-reprize (makabidhiano ya ofisi) na yule anayekuja bado haijafanyika. Jana ananipigia: makartoni mawili yaliyo katika kabati la chuma niyafunge, shofa atayapitia jioni. Ninajua kilichomo kwa sababu rejista naandika mimi: ripoti za usalama, barua zenye mhuri wa SIRI. Karatasi zake binafsi hazijazi hata bahasha.

Nimemwambia funguo ziko kwa mwenzangu, nipate siku mbili za kuuliza. Sheria inambana nani, aliyeamuru au aliyebeba?

Mutoto wa Katuba:
Weye unajitafutia presha bure. Kila mukubwa akitoka anabeba. Nani umesikia amefungwa hapa kwa ajili ya makaratasi? Funga kartoni, lala usingizi.

Metre K. (wakili):
Mutoto wa Katuba, mtu kutofungwa hakufanyi jambo liwe halali. Kodi ya adhabu ya Kongo, yaani sheria ya makosa ya jinai, Kitabu cha II, kifungu cha 73, inampa anayetoboa siri aliyokabidhiwa kwa kazi yake kifungo cha mwezi 1 mpaka 6 na faini, au kimojawapo. Statuti (sheria ya kazi) ya watumishi wa serikali ya 2016 ina adhabu zake pia, na ya mwisho ni kufukuzwa. Hiyo ni kwa karatasi za kawaida. Karatasi ya usalama ikifika mikononi mwa adui, tunaingia kwenye uhaini na upelelezi, na tangu Machi 2024 serikali imeondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo kwa makosa ya aina hiyo.

Karani, siri hujaitoboa. Ila rejista ina mwandiko wako, na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) itaanzia hapo.

Mama Feza:
Mwanangu, tafuta habari ya Walt Nauta. Alikuwa mhudumu wa Trump, kazi yake kufuata amri. Juni 2023 alishtakiwa pamoja na bosi wake juu ya makartoni ya karatasi za siri yaliyohamishwahamishwa kule Florida. Hakushtakiwa kwa kusoma siri. Walimshtaki kwa kusaidia kuficha na kuwadanganya FBI. Hakimu aliifuta kesi Julai 2024, waendesha mashtaka wakakata rufaa. Bosi akashinda uchaguzi, na Novemba wakamwondoa katika rufaa hiyo. Ya mhudumu iliendelea mpaka mwanzoni mwa 2025! Aliyebeba ndiye alibaki nyuma.

Mutoto wa Katuba:
Mama, hiyo ni Marekani.

Metre K.:
Na huko huko cheo kina uzito wake. Petraeus, jenerali aliyekuja kuwa mkuu wa CIA, alimpa madaftari ya siri mwanamke aliyekuwa akiandika kitabu juu yake: 2015 akapata miaka 2 ya uangalizi na faini ya dola 100,000, jela hakuiona. Reality Winner, mfanyakazi mdogo, aliwatumia waandishi wa habari ripoti moja tu: 2018 akapewa miaka 5 na miezi 3. Ni kweli, kupeleka gazetini ni kosa zito zaidi, sitaki kudanganya. Lakini mdogo asitegemee huruma ile ya wakubwa.

Mstaafu wa Masalfeti:
Sheria mmemaliza, sasa namna ya kusema na shefu. Usimwambie "hapana", atakuona adui. Mwambie: "Mukubwa, anayekuja ataniuliza namba kwa namba, nisaidie barua ya kutoa faili, nitayafunga leo leo." Anayejua anafanya kitu kibaya hatasaini. Akisaini, chukua nakala yenye akize (saini ya kuthibitisha kupokea) na umjulishe mkuu wa juu kabla kartoni halijatoka mlangoni. Vitu vyake binafsi mpe vyote, hata kalenda ya ukutani. Na shofa usimpe kitu, shofa hasaini.

Karani wa Kampemba:
Asante Papa, nitasema hivyo hivyo. Jambo moja bado: barua nyingine alizipiga picha mwenyewe akanitumia WhatsApp nizichape. Ziko kwenye simu yangu. Nifute?

Metre K.:
Usifute, wala usimtumie mtu. Ukifuta leo, kesho wataita kuharibu ushahidi. Ziandike kwenye orodha ya remize-reprize, na tarehe alizokutumia. Kisha nitafute faraghani kabla hujasaini chochote.