Mfumo wa mnada wa samaki Deep Sea, Tanga: mahitaji tunayakusanyaje?

chuoni_tanga: Wakuu, salamu. Sisi ni wanachuo wa TEHAMA, mradi wa mwaka wa mwisho ni programu ya kurekodi mnada pale Deep Sea. Tukiwauliza madalali na karani wanataka nini, jibu ni "ripoti ya mauzo". Tukiwaonyesha fomu yetu, "nzuri tu". Hati ya mahitaji, yaani maelezo ya yale programu inapaswa kufanya, inadaiwa. Tuanzie wapi?

kamba_na_nanga: Mdogo wangu, hilo "mnataka nini" ndilo linalowakwamisha. Dalali hajui programu inaweza nini, nanyi hamjui mnada. Ombeni daftari la karani, mlipitie safu kwa safu: hii inajazwa na nani, saa ngapi, nani anaisoma baadaye? Huko ndiko mtakuta mali inahesabiwa kwa tenga na ndoo, na mteja kachukua mzigo asubuhi, hela jioni. Mkitengeneza jedwali la "kilo" na "bei" tu, karani atarudi kwenye daftari lake. Na msihoji mnada ukiwa umechanganya. Mwezi mpevu uvuvi wa dagaa kwa taa hupoa. Hapo watu wana nafasi ya kukaa.

bi_mchoro: Fomu iliyokwisha pakwa rangi watu huona haya kuikosoa, ndiyo maana "nzuri tu". Choreni skrini kwa penseli, mpeni karani karatasi: "Matenga matatu ya vibua yameuzwa, mteja kalipa nusu. Andika." Kisha nyamazeni. Anaposita, hitaji liko hapo. Liandikeni lipimike: si "mfumo uwe mwepesi", bali "karani aingize tenga moja ndani ya sekunde 20, mtandao ukiwa haupo". Saa nazo! Saa 12 yake ya asubuhi ni 6:00 kwenye kanzidata; mkiichukua ilivyo, mauzo ya alfajiri yatasomeka ya adhuhuri.

chuoni_tanga: Asanteni. Karani anataka madeni yaonekane kwa wote, madalali wamegoma. Tumfuate nani?

kamba_na_nanga: Msiamue nyie. Waketisheni pamoja, kila hitaji kwenye kadi yake, wazipange wenyewe: lazima, inafaa, ikiwezekana, si awamu hii. Ila majina, namba za simu na madeni ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, kwa hiyo "yaonekane kwa wote" lisipite kwa wingi wa kura tu. Andikeni uamuzi, walioamua na tarehe. Wasomeeni kwa sauti palepale. PDF ya WhatsApp hakuna atakayeifungua.