Je, madume tasa wanaweza kuwamaliza nzi wa embe kama walivyowamaliza mbung'o wa Unguja?

Mkulima wa Mkuranga:
Ndugu wataalamu, nawasalimu. Kila msimu embe zangu nyingi hudondoka zikiwa na funza ndani, hata zile ambazo kwa nje zina alama ndogo tu ya kudungwa. Nimesoma kwamba mbung'o wa Unguja walitokomezwa kwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi, ili majike wanaopandwa nao wasizae, tena waliozalishwa hapa hapa nchini, Tanga. Kwa nini njia hiyo isitumike kwa nzi wa matunda?

Afisa ugani mstaafu:
Ni kweli, ndugu yangu. Madume tasa walimwagwa kwa ndege kuanzia 1994, na mbung'o wa mwisho alinaswa 1996. Lakini kwanza ng'ombe walipakwa dawa na vitambaa vyenye sumu vikatundikwa, hivyo mbung'o waliobaki walikuwa wachache, na bahari ikazuia wengine kuingia. Isitoshe, mbung'o jike huzaa buu mmoja mmoja, takribani kila baada ya siku 10, ilhali nzi wa matunda hutaga mayai mamia kwa mamia. Ndiyo maana kiwanda cha nzi wa matunda hulazimika kutoa mamilioni ya madume kila wiki bila kukatika. Shamba moja haliwezi kunufaika peke yake, kwa kuwa jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani huruka na kuja kutaga kwako.

Mtafiti wa wadudu:
Naomba kuongezea, maana mafanikio yapo. Japani iliwamaliza nzi wanaoshambulia mimea ya jamii ya maboga katika visiwa vya Okinawa mwaka 1993, na Afrika Kusini ilianza kuachia madume tasa wa nzi wa Mediterania katika mashamba ya zabibu ya bonde la Hex River mwaka 1999. Kwa nzi huyo wa Mediterania imepatikana mbegu ambayo mayai yake yakiwekwa katika maji ya nyuzi 34, yale ya majike hufa, wakabaki madume watupu; hilo ni jambo kubwa, kwani jike tasa naye hudunga tunda. Pupa, yaani funza aliyejifunika gamba kabla ya kuwa nzi, hupakwa unga unaong'aa ili nzi wakinaswa ajulikane yupi wa kiwandani na yupi wa porini. Anayetusumbua zaidi kwenye embe, hata hivyo, ni mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, na mitego ya chambo cha kuvutia madume tunayoitegemea ingewanasa hata hao madume tasa.

Mkulima wa Mkuranga:
Nashukuru sana. Kwa sasa nifanye nini na embe zinazodondoka?

Afisa ugani mstaafu:
Ziokote kila siku, kabla funza hawajatoka na kujichimbia udongoni kuwa pupa, kisha uzifukie kwenye shimo lenye kina kisichopungua nusu mita. Waombe na majirani wafanye hivyo hivyo, nanyi msiyasahau mapera, kwani nzi hujificha humo embe zinapokwisha.