Naomba ushauri: ribiti ya balisong ya marehemu baba imelegea

Wakuu, habari za leo. Nina balisong, kile kisu cha Ufilipino chenye mipini miwili inayozunguka na kuficha bapa kikifungwa. Marehemu baba alikuwa baharia, alikinunua Batangas, mkoa unaosifika kwa visu hivi. Mipini ni ya shaba, imepachikwa pembe ya nyati.

Ribiti, yaani pini inayounganisha mpini na bapa, imelegea kwenye mpini wenye komeo. Ukikifungua mpini unachezacheza, na ukikifunga makali yanakwaruza shaba kwa ndani, inaniuma sana. Nimetia mafuta ya cherehani, nikagonga ribiti taratibu kwa nyundo, nikaacha niliposikia pembe inalia.

Je, nitaikazaje bila kupasua pembe? Au niitoe niweke skrubu, ingawa itapoteza uasili wake?

Natanguliza shukrani.