Rezista sanifu ya omu 1 inatoa majibu mawili mkondo ukigeuzwa

Mpimaji Mpya
Wakuu, habari za kazi. Katika maabara yetu tuna rezista sanifu (kifaa cha rejea cha ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu) ya omu 1 iliyotengenezwa kwa manganini, yaani aloi ya shaba na manganisi, nayo hukaa ndani ya beseni la mafuta kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Nimeipima kwa mkondo wa miliampia 100 nikapata omu 1.000042, na nilipougeuza mkondo nikapata 1.000018. Nimerudia mara sita na tofauti haiondoki. Natumia waya nne zilizobanwa kwa klipu zenye rangi ya nikeli. Je, rezista imeharibika? Tena kapasita yetu sanifu (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya pikofaradi 100 hubadilisha jibu kila ninaposogeza kebo.

Fundi wa Ugezi
Ndugu, rezista yako ni nzima. Panapokutana metali mbili tofauti, na ncha moja ikawa na joto kuliko nyingine, huzaliwa volti ndogo ambayo haijali mkondo wako unaelekea wapi. Miliampia 100 kwenye omu 1 ni volti 0.1, kwa hiyo mikrovolti 1 tu inapotosha jibu kwa sehemu 10 katika milioni. Wastani wa majibu yako mawili ni 1.000030, na kila moja limeachana nao kwa sehemu 12 katika milioni, yaani mikrovolti 1.2, kiasi ambacho klipu za nikeli juu ya shaba zinaweza kukitoa bila taabu. Ziondoe, funga waya za shaba tupu iliyosuguliwa ikang'aa, kisha ufunike viungio visipigwe na upepo wa kiyoyozi. Pima mbele, nyuma, halafu mbele tena kwa vipindi vilivyo sawa, ili joto linalopanda polepole lisikudanganye.

Msomaji wa Vyeti
Kuhusu kapasita, nashuku umeipima kwa ncha mbili. Mita moja ya kebo ya koaksia (waya wa kati uliozungukwa na ganda la chuma) ina takriban pikofaradi 100 yenyewe, sawa na kapasita nzima unayoitafuta! Unganisha ganda la chuma la kapasita kama ncha ya tatu, ili umeme unaovujia kwenye ganda usihesabiwe na daraja la kupimia, yaani saketi inayolinganisha kapasita.

Naomba pia ukague cheti cha ugezi cha rezista ile ya omu 1, kwa sababu thamani yake ni lazima ifuatiliwe hadi kwenye chimbuko la kipimo cha omu. Mwaka 1980, mwanafizikia Klaus von Klitzing aligundua huko Grenoble kwamba tabaka jembamba la elektroni, likipozwa sana ndani ya sumaku kali, hutoa ukinzani wa ngazi ngazi, na ngazi hizo ni omu 25,812.807 ikigawanywa kwa namba kamili. Tangu tarehe 20 Mei 2019 thamani hiyo inatokana na namba mbili za maumbile zilizowekwa bila shaka yoyote, ya Planck (inayohusisha nishati na masafa ya mawimbi) na ya chaji ya elektroni. Hapo ndipo omu ya beseni lako inapotoka, na kwangu mimi ni jambo la kustaajabisha kila ninaposaini cheti.

Mpimaji Mpya
Nashukuru sana, wakuu. Nimefunga shaba tupu, nikafunika viungio kwa sanduku la mbao na kusubiri saa mbili: mbele 1.000031, nyuma 1.000029. Ganda la kapasita nitaliunganisha kesho asubuhi.