Naomba ushauri: tuigize Juliasi Kaizari au Kinjeketile?

Ndugu zangu, salaam. Nafundisha Kiswahili mjini Jinja, na wanafunzi wangu wameomba tuigize tamthilia inayochunguza mamlaka ya kisiasa. Nasita kati ya Juliasi Kaizari ya Shakespeare, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Hotuba ya Mark Antony mbele ya maiti ya Kaizari, inayowageuza raia waliokuwa wakimshangilia Brutus, mmoja wa waliomuua, punde tu, hunisisimua kila niisomapo. Lakini lugha yake ni nzito kwa vijana wanaojifunza Kiswahili darasani. Kinjeketile, inayohusu Vita vya Maji Maji, humwonyesha kiongozi aliyezidiwa na nguvu ya neno lake mwenyewe, jambo ninaloliona la kina zaidi. Mliowahi kuziongoza jukwaani, mwanishauri tuanze na ipi, na je, Kaizari yaweza kufupishwa bila kupoteza hoja yake?