Mjadala: Tangazo linasema "injini yake ya kuzaliwa", chuma kinasema vingine. Nani awajibike?

Mzizi wa Chuma:
Ndugu zangu, naombeni tulijadili hili, maana limeninyima usingizi. Nilikuwa nafukuzia Camaro ya 1967, lile gari la michezo la Chevrolet. Tangazo la yadi liliandikwa hivi: "Halijaguswa, injini yake ya kuzaliwa, mmiliki mmoja, maili 38,000." Nikatoa arubuni ili lisichukuliwe na mwingine, nikafunga safari kwenda kuliona.

Nilipofika nikafungua boneti. Kile kibati cha ukuta wa injini kinasema 01C, yaani liliunganishwa wiki ya tatu ya Januari. Nikalala chini na tochi, nikafuta grisi nyuma ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini, pale inapokutana na giaboksi, tarehe ya kumiminwa chuma chake kiwandani ikatokea: D 12 7. Herufi ni mwezi, A ni Januari, kwa hiyo D ni Aprili. 12 ni siku, 7 ni mwaka 1967. Injini ilimiminwa miezi mitatu baada ya gari "kuzaliwa" nayo!

Nikadai arubuni yangu. Yadi wakanijibu kwamba gari si lao, wanaliuza kwa niaba ya mwenyewe, na maneno ya tangazo ni ya mwenyewe. Swali langu ni hili: yadi ikishabandika maneno kwa jina lake, si imeyasema yenyewe?

Dalali Mstaafu:
Pole, kijana. Lakini umetoa pesa kabla hujaliona gari? Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia umelifunga mwenyewe. Nimeuza magari ya kale miaka 22. Mwenye gari anakuja na bahasha ya risiti na hadithi ya marehemu baba yake, mimi siwezi kulala chini ya kila gari kusoma tarehe za chuma. Tena tuambiane ukweli, gari la miaka zaidi ya 50 likishapigwa rangi upya si halisi tena. Neno lenyewe limeshakufa, mnaliandama la nini?

Rangi Tatu:
Hapo simama, mzee wangu. Likipigwa rangi si halisi? Mimi kazi yangu ni bodi. Kuna gari nilikaa nalo miezi kumi na moja, nikakwangua mpaka bati tupu, nikakata kutu, nikachomelea vipande nilivyokunja kwa mkono, sikuweka puti hata ya kuziba tundu la sindano. Unaniambia nilikuwa natengeneza gari bandia?

Dalali Mstaafu:
Sijasema bandia. Nimesema si halisi. Soma kabla ya kuwaka.

Rangi Tatu:
Nimesoma mara mbili. Rangi ni nguo. Mtu akibadilisha nguo, jina lake linabadilika?

Spana 17:
Hili liliamuliwa zamani. Kuna ile kesi ya Bentley kule Uingereza, miaka ya 80 nafikiri. Jaji alisema lile gari ni feki kwa sababu chesisi na bodi vilibadilishwa. Kesi imekwisha.

Bibi Kabureta:
Mwanangu, umeigeuza kichwa chini miguu juu. Ilikuwa 1990, na jaji aliamua kinyume chake. Gari lenyewe ni Speed Six lililoitwa Old Number One, mshindi wa mbio za Le Mans kule Ufaransa mwaka 1929 na tena 1930. Baadaye likajengwa upya kwa mashindano ya uwanja wa Brooklands, Uingereza, likatiwa injini ya lita 8, na mwaka 1932 likaanguka, dereva wake Clive Dunfee akafa. Likajengwa tena. Miaka mingi baadaye mnunuzi akakubali kulilipia karibu pauni milioni 10, halafu akarudi nyuma akidai silo lenyewe. Jaji Otton akasema vipande vya mwanzo karibu vyote vimekwisha, ni kweli, lakini gari lilibadilika hatua kwa hatua na historia yake haikukatika mahali, kwa hiyo linastahili jina lake.

Rangi Tatu:
Ahsante, bibi. Umesikia, Dalali?

Dalali Mstaafu:
Nimesikia, na inanisaidia mimi! Kama Bentley iliyobadilishwa kila kitu inaruhusiwa jina lake, kijana hapa analia nini kwa bloku moja?

Bibi Kabureta:
Hapana, bwana. Bentley ile ilijulikana nini kilibadilishwa na lini. Imeandikwa. Ya huyu kijana imefichwa. Kubadilisha injini si kosa, injini hufa kama kitu kingine chochote. Kosa ni kuandika "ya kuzaliwa" juu ya injini ya kambo. Nasaba ya gari ni maandishi, na aliyeyachafua maandishi ndiye aliyeharibu gari, si fundi wa rangi.

Spana 17:
Sawa, mwaka nilikosea. Lakini Mzizi, kwa nini hukuingiza tu namba ya chesisi mtandaoni? Herufi zote 17 zinakupa kila kitu, mpaka injini.

Mzizi wa Chuma:
Herufi 17 zilianza na magari ya 1981 kule Marekani. Camaro ya 1967 ina 13. Kuhusu injini zinakuambia tu kama lilitoka na silinda sita au V8, yaani silinda nane, basi. V8 ipi, hazisemi. Ndiyo maana watu huchukua Camaro ya kawaida, wakabandika nembo za SS, lile toleo la nguvu zaidi, na namba haiwaumbui. Lazima ulale chini.

Fundi Kaka:
Na hata ukilala chini, namba yenyewe ya injini inaweza kugongwa upya. Chevrolet za miaka ile, pale panapogongwa namba, kiwanda kilikuwa kikichonga kwa mashine inayoacha mistari myembamba iliyonyooka. Anayeghushi anasaga ili kufuta namba ya zamani, mistari inaondoka nayo. Ukiona pamelainika kama kioo, au herufi zimepishana urefu, jiulize.

Dalali Mstaafu:
Mimi sijawahi kugonga namba ya mtu katika maisha yangu.

Fundi Kaka:
Nani amekutaja, mzee?

Dalali Mstaafu:
Najua ninavyosomwa. Kila akitokea tapeli mmoja, madalali wote wanavuliwa nguo hadharani. Nimewahi kulirudisha gari lililokuwa tayari barabarani kwenda kwa mteja, kwa sababu niligundua daftari la matengenezo lilikuwa la gari lingine. Hakuna aliyenilazimisha.

Bibi Kabureta:
Basi kumbe unaweza kuangalia ukitaka.

Dalali Mstaafu:
Daftari ni karatasi. Bloku ina grisi.

Rangi Tatu:
Bado hujaniomba radhi kuhusu rangi.

Msomaji Kimya:
Naomba turudi kwenye swali. Uingereza, sheria ya haki za walaji ya 2015 inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara ilingane na maelezo yake. Mimi naona anayepokea kamisheni kwa nguvu ya tangazo amelipwa kwa maneno yale, hawezi kuyakana siku yanapomrudia. Nani anapinga?

Spana 17:
Mimi nauliza, zile maili 38,000 je? Au nazo za kambo?

Mzizi wa Chuma:
Odometa yake ina tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sufuri, kwa hiyo 38,000 inaweza kuwa 138,000 bila mtu kuigusa. Raba ya pedeli ya breki ni mpya kabisa, lakini nilipoibandua, chuma chini yake kimelika pembe ya kulia mpaka kimepinda. Mguu wa maili 38,000 haufanyi vile.

Bibi Kabureta:
Hapo ndipo gari linaposema. Raba mpya juu ya chuma kilicholika, mtu ameificha miguu ya wenye gari waliopita, na "mmiliki mmoja" nayo naitilia shaka.

Dalali Mstaafu:
Mzizi, nisikilize. Hiyo pedeli imenikera kuliko bloku. Bloku naweza kuamini hawakuiona. Raba mpya hununuliwa na mtu aliyeona. Umepiga picha?

Mzizi wa Chuma:
Nimepiga zote. Pedeli, D 12 7, kibati.

Dalali Mstaafu:
Na tangazo? Lihifadhi leo hii, kabla hawajalishusha. Bila hilo, picha za chuma hazina cha kupingana nacho.

Rangi Tatu:
Kwa hiyo sasa yadi inawajibika?

Dalali Mstaafu:
Nimesema ahifadhi tangazo.

Mzizi wa Chuma:
La kwanza ninalo, nililitoa kwenye karatasi siku ile ile. Nimeangalia sasa hivi, wamelibadilisha asubuhi. "Ya kuzaliwa" imeondoka, wameandika "injini sahihi ya aina yake". "Mmiliki mmoja" bado ipo. Bei haijashuka hata kidogo.